Maua Yangu Uani kwa Rukia

Mwanangu Salma,

Nakuandikia jua likiwa bado juu ya paa la msikiti. Umeniaga kwamba unakwenda Bungu kumuaga bibi yako mzaa baba, nami nimejizuia nisimpigie bibi kumuuliza kama umefika. Simu nimeifunika kwa mto, nikachukua kalamu. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako uisome leo kabla hujalala, maana mwishoni ina neno la kesho asubuhi.

Mambo ya kazi sitakuandikia. Hao watu wa kambi ya watalii kule Mloka wamekuajiri uwapandie bustani kwenye jua kali na udongo wa kichanga, na udongo wa namna hiyo ndio uliokulea. Unajua kwamba bogenvilia ukiibembeleza kwa maji na samadi inakupa majani matupu, na ukiinyima kidogo inachanua mpaka matawi yanainama. Unajua kwamba waridi la jangwani huanza kuoza kitako kabla majani hayajaonyesha chochote. Unajua nyani wa Mloka watang'oa miche michanga kwa mchezo tu, na tembo akitaka kupita bustanini hapigi hodi. Wakikutaka uwapandie maua laini ya nchi za baridi, waambie mapema kwamba yatakufa. Hayo yote unayo mikononi. Ninayotaka kukuandikia ni yale ambayo sijawahi kukuambia kwa mdomo, na nimekaa nayo kifuani tangu ulipokuwa unakwenda madrasa.

Wewe umezaliwa ukayakuta maua. Mie sikuyakuta. Kwetu Salale, kwenye delta ya Rufiji, watu wanapanda mpunga, wanavua kamba, wanakata mikoko, na maji ya chumvi yakipanda sana yanaingia mpaka jikoni. Maua niliyoyajua utotoni ni yale madogo, meupe na ya rangi ya waridi, yanayoota kwenye mchanga wa makaburini. Hayapandwi na mtu, hayanyweshwi na mtu, na mwaka mzima yamechanua. Bibi yako mzaa mama alipochoka na mafuriko alikuja Kibiti akanunua kiwanja hiki, na alipokaribia kufa akanirithisha mie. Nikahamia hapa na baba yako, ndoa yetu ikiwa bado mbichi. Miche ya maua yale niliibeba kwenye kopo la maziwa. Baba yako alicheka, akasema hakuna mtu wa Kibiti atakayenunua maua ya makaburini. Nikayapanda mbele ya nyumba, upande wa barabara, na wenye magari wakaanza kusimama.

Kutoka hapo nilijifunza mengine. Bogenvilia niliiomba kwa mwalimu mkuu, kipande kimoja kigumu chenye urefu wa kiganja, nikakichomeka kwenye kiriba, kifuko cha plastiki chenye mchanga. Mawaridi ya jangwani niliyaotesha kwa mbegu. Niliua mengi kwanza kwa maji, maana mtu wa delta hajui kwamba maji yanaweza kuua. Kubebesha, yaani kuunga kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, nilionyeshwa na mzee mmoja wa miembe na michungwa, nikakaa najaribu mpaka nikapata bogenvilia yenye maua meupe na zambarau kwenye shina moja. Unaikumbuka ilivyokuwa pale penye kisima. Watu walikuwa wakipiga nayo picha.

Miaka yote hiyo baba yako hakuwa na habari na maua. Alikuwa na pikipiki yake, anabeba abiria na mizigo kati ya hapa na Ikwiriri, na jioni akirudi ananikuta na udongo mpaka kwenye viwiko. Kisha mwaka mmoja akaanza kuuliza. Hili linaitwaje? Hili linanyweshwa mara ngapi? Hili likipandwa penye jua la mchana kutwa litavumilia? Alikuwa akichuchumaa karibu nami kwenye kitalu, mkono wake begani kwangu, akisikiliza. Salma, sijui kama utanielewa, lakini ule ulikuwa wakati wangu mtamu kuliko wowote katika ndoa ile. Nilidhani mume wangu hatimaye ameiona kazi yangu. Akaniambia amepata mteja Ikwiriri anayejenga nyumba na anataka bustani nzuri, asiyetaka miche michanga bali maua makubwa yaliyokwisha komaa. Nikamchagulia yaliyo bora. Nilikuwa nikiyang'oa mwenyewe kwa taratibu, na udongo wake, nikiyafunga mizizi kwa gunia bichi, naye akiyapakia kwenye pikipiki. Pesa ya mteja alikuwa akiniletea, kwa hiyo sikushuku. Hata ile bogenvilia ya rangi mbili nilimpa, kwa kuwa alisema mteja ameiota.

Kosa langu la kwanza liko hapo, nami nimelipima sana. Nilipenda mno kusifiwa. Mtu akikusifia kazi uliyoifanya peke yako kwa miaka, hutazami tena mikono yake inachukua nini.

Siku niliyojua ilikuwa siku ya kawaida. Mwanamke mmoja wa Ikwiriri alinipigia akitaka nikamtazamie ua wake, nami nikapanda gari nikaenda, nikamaliza naye kabla ya adhuhuri. Jua lilikuwa kali, nikakatiza njia ya ndani yenye kivuli nirudi barabarani. Nikauona ukuta mfupi wa matofali, na juu yake bogenvilia nyeupe na zambarau.

Nilisimama. Nilijiambia kwamba wako wengine duniani wanaojua kubebesha. Nikasogea nikatazama kovu pale shina linapoungana. Mie ni mwenye mkono wa kushoto, na mkato wangu unalala upande ambao watu wengine hawaulazi. Kovu lilikuwa langu. Nikainua macho nikatazama uani, na kila nilichokitazama kilikuwa changu: mawaridi ya jangwani yamepangwa kwa safu, haibiskasi nyekundu mlangoni, na maua ya makaburini ya Salale yamezungushwa kwenye njia ya kuingilia, meupe upande huu, ya waridi upande ule, kama nilivyoyapanga mie nyumbani kwangu.

Mwenye nyumba, mwanamke, alitoka akanipa shikamoo. Alikuwa kijana kuliko mie, ana mimba, uso wake mzuri na usio na hila. Akaniona nimelowa jasho akanivutia kiti, akaniletea maji. Huyo ndiye Rukia. Nilimwambia napita tu, nimevutiwa na maua yake, nikamuuliza nani amempandia.

"Mume wangu," akasema. "Ni mkulima wa maua, shamba lake liko Kibiti. Hayo yote kayabebesha kwa mkono wake."

Nilikunywa maji. Rukia, kwa kuwa ni mtu mwema anayependa kuzungumza na mgeni, akaendelea. Alisema mume wake ni mtu wa safari, hulala kwake siku kadhaa katika wiki, na ana binti mkubwa kwa mke aliyemwacha zamani. Akasema binti huyo ana adabu sana, huja kulala mara kwa mara na humsaidia kumwagilia. Aliposema hivyo alitazama kwenye kamba ya nguo. Nami nikatazama.

Ulikuwa ushungi wako, Salma. Ule mweupe wa madrasa, niliouzungushia uzi wa kijani pindoni kwa sababu ulikuwa ukilalamika kwamba unachanganyika na wa wenzako.

Sikumwambia Rukia mie ni nani. Nilimshukuru kwa maji, nikaliinamia waridi moja la jangwani lililokuwa karibu na mlango, kando ya kiti changu, nikalibonyeza kitako kwa kidole. Kilikuwa laini. Alikuwa analinywesha kila siku. Nikamuaga.

Njiani nilifikiri mengi, lakini sikulia. Mume kuoa mke wa pili dini imemruhusu, na mie nilizaliwa katika nyumba ya wake wawili, nikalelewa na wote. Kama angekuja akaniambia, ningekasirika, ningevunja vyombo pengine, kisha ningekaa nikafikiri. Hakuniambia. Aliniacha hai kitandani mwangu, akamwambia mwanamke mwingine kwamba nimeachika. Akaichukua kazi ya mikono yangu akaiita yake. Na akachuchumaa karibu nami kwenye kitalu akijifunza kwangu namna ya kumpambia mwenzangu. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani garini, lakini nililolirudia kila kituo lilikuwa lile la ushungi kwenye kamba.

Ulirudi kutoka madrasa jioni. Nilikupakulia wali na kunde. Nikakuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, Alhamisi iliyopita ulilala wapi.

"Kwa bibi, Bungu," ukasema.

Nikauliza bibi hajambo. Ukasema hajambo, goti tu linamsumbua. Ukaendelea kula. Hukutazama chini wala pembeni, ulinitazama mie. Nilikuwa nimekaa nje ya jiko na kijiko mkononi, nikajua kwamba nyumba hii ina watu watatu, na wawili kati yao wana nyumba nyingine.

Ulikuwa mtoto. Hilo nalijua leo, nililijua hata siku ile. Baba yako alikufundisha la kusema, akakuambia ukisema kweli mama atalia, na mtoto anayempenda mama yake hataki alie. Nimejieleza hivyo mara nyingi. Lakini kujua sababu ya kidonda hakufungi kidonda, mwanangu, nami nakuandikia ukweli: baba yako alinisaliti kama waume wengi walivyowasaliti wake zao, na ningeweza kulisimulia hilo kwa mashoga zangu tukacheka mwisho wake. Lako sikuwahi kumsimulia mtu.

Siku chache baadaye baba yako alikuja na pikipiki, akasema mteja anataka waridi jingine la jangwani, lile kubwa lenye maua mekundu. Nilikuwa nabadilisha viriba. Sikuinuka.

Nikamwambia, "Chukua. Ila mwambie Rukia asilinyweshe kila siku. Lile la karibu na mlango limeshaanza kuoza."

Alikuwa ameshalishika chungu kwa mikono miwili.  Kisha akalitua chini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, akaenda kwenye pikipiki yake akaondoka.  Nakuambia hili kwa sababu najua amekusimulia mambo tofauti: kwamba nilimfukuza, kwamba nilimtukana mbele ya watu. Sikumtukana. Mpaka leo wakati mwingine natamani ningemtukana.

Wazee walikaa. Wakasema mtu hakutenda haramu. Nikawaambia simshitaki kwa kuoa. Namshitaki kwa kunitangaza kwa watu kwamba nimeachwa hali niko ndani ya ndoa. Na kama Ikwiriri mie ni mke aliyeachwa, basi na Kibiti niachwe, ili maneno yake yawe ya kweli. Mzee mmoja aliinama kuficha kicheko. Baba yako akaniandikia talaka, akahamia kwa Rukia moja kwa moja, na maua yangu yakabaki kule. Watu walinishauri nikayang'oe. Sikwenda. Rukia hakuwa na kosa, naye alikuwa karibu kujifungua. Nilianza upya kwa vipande.

Sasa kosa langu la pili, ambalo limekugusa wewe zaidi. Sikukuambia kwamba najua. Nilingoja uniambie mwenyewe. Nilidhani baba yako akiondoka utakuja jikoni ulie, useme, mama, nilijua. Hukuja. Kila siku uliyokaa kimya, nami nilizidi kukaza moyo. Nikakupa kazi ya madumu ya maji, wewe mdogo vile, kutoka kisimani mpaka mwisho wa kitalu. Nikakupa kupogoa bogenvilia bila glavu, ukirudi mikono imechanwa na miiba nakuambia ndiyo kazi. Nikikukuta umekosea kipimo cha mchanga nakurudisha uchanganye tena kiriba kwa kiriba. Wewe ukaona nakufundisha. Hukulalamika. Ukajifunza kuliko mie, na leo watu wanasimamisha magari wakitaka mche uliooteshwa na Salma, si na mama yake. Wanaponipongeza kwa kukulea vizuri mie hutazama chini. Mengi katika hayo yalikuwa hasira, mwanangu. Sikutaka uende Mloka ukiwa unadhani kwamba yote yalikuwa malezi.

Wala usidhani yote yalikuwa hasira. Siku ile homa ilipokushika wakati wa masika, nilikubeba mgongoni mpaka zahanati kupitia kwenye tope, nawe ulikuwa umeshanizidi urefu. Hapo sikukumbuka ushungi wala Ikwiriri.

Ningeweza kuyaacha haya yakafa na mie. Kilichonifanya niandike ni cha wiki hii. Ulipopata kazi uliniambia umeipata kupitia rafiki yako wa shule, yule binti wa Nyamwage. Nilifurahi, nikamuombea dua rafiki yako. Kisha dereva wa kambi alikuja kupakia viriba, mtu mchangamfu, akaniambia bosi wao anamshukuru sana mzee Abdala kwa kuwaletea binti yake, kwamba mzee Abdala ndiye anayewapelekea mizigo kila wiki na ndiye aliyewaambia hakuna mkulima wa maua kama huyo binti. Nikamjibu kwamba ni kweli, hakuna. Nikamsaidia kupakia. Alipoondoka nilikaa kwenye ukingo wa kisima mpaka ukatoka ndani kuniuliza kama naumwa.

Kazi nzuri umeitafutiwa na baba yako. Kuna ubaya gani? Baba anamtafutia mwanawe kazi. Ungeniambia, ningenuna kidogo, kisha ningeuliza mshahara na mahali pa kulala. Badala yake umenitazama usoni tena, kwa macho yaleyale ya siku ya wali na kunde, ukanitungia rafiki. Na sasa wewe si mtoto. Safari hii hakuna aliyekufundisha la kusema.

Najua utasema hukutaka niumie. Nakuomba ulisikie hili hata kama mengine yote utayasahau: mie sikuumizwa na nyumba ya Ikwiriri kama nilivyoumizwa na kuwa mtu wa mwisho kujua. Mnaponificha ili nisiumie, mnanifanya mgeni ndani ya nyumba yangu. Kule uendako utapata marafiki, pengine utapata mume. Usimfanyie mtu hivi kwa jina la huruma. Na mtu akikufanyia, usikae miaka unangoja aseme mwenyewe, kama nilivyokaa mie. Muulize siku hiyohiyo, chakula kikiwa bado sahanini.

Kama nimekusamehe, sijui. La utotoni nadhani limebaki kidogo sana. Hili la wiki hii bado lina moto, na sitakudanganya kwamba halina. Nenda nalo hivyo hivyo, na mie nitakaa nalo hapa, tuone. Kitalu kizima kiko wazi kwako. Chukua vipande unavyotaka, hata vya mashina mapya ya rangi mbili. Hivyo sikupi kwa sababu nimesamehe. Nakupa kwa sababu wewe ndiye utakayeviotesha.

Sasa neno la kesho. Jana nilikusikia nyuma ya jiko ukizungumza na baba yako kwa simu. Mmepatana akusubiri na pikipiki kwenye njia panda, mbele ya kituo cha mafuta, ili mie nidhani unapanda gari peke yako. Ukimaliza kusoma barua hii, mpigie. Mwambie njia panda asisimame. Aje mpaka hapa, mlango wa mbele, abishe hodi kama mtu mwingine yeyote. Nitaitikia. Chai itakuwepo, akitaka atakunywa. Sitamuuliza chochote kuhusu maua. Nitasimama hapo nimtazame akilifunga begi lako kwenye pikipiki, na majirani watazame, na wewe unipe mkono mbele yake uniambie unakwenda wapi na unakwenda na nani.

Uniambie hata kama najua.

Mama yako,
Mwanaidi